Hesabu ni Ufunguo wa Sayansi: Nasaha kwa Wazazi na Wanafunzi wa Kiislamu

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wazazi na vijana

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewapa waja wake akili ili waitumie. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:



Kila mwaka katika nchi ya Uganda watoto humaliza kidato cha 4, yaani S.4, hufanya mtihani wa UCE, na matokeo yakisha kutoka huulizwa swali moja: watasoma masomo gani matatu makuu katika S.5 na S.6? Jawabu lake huandikwa kwa herufi tatu tu: PCM, au PCB, au BCM, au nyinginezo. Herufi hizo huandikwa kwa dakika moja, lakini aghalabu ndizo ziamuazo kazi ya mtu maisha yake yote. Na la kusikitisha ni kuwa katika nyumba nyingi za Waislamu herufi hizo huandikwa pasipo shauri. Baba anafikiri juu ya karo, mama anafikiri juu ya godoro na sanduku la bweni, na mtoto anafuata walikokwenda rafiki zake. Miaka miwili ikipita, kijana husimama mbele ya mlango wa chuo kikuu akaambiwa: mlango huu si wako, kwani somo linalotakiwa hukulisoma.

Basi makusudio ya maneno haya ni kuwaeleza wazazi na vijana jambo moja: mtoto atakaye kusoma sayansi na aifikirie hesabu kabla ya yote, na asiiache ila kwa sababu anayoijua.

HESABU SI ILIMU YA WAGENI

Wako watu wadhanio kuwa hesabu ni ilimu iliyoletwa na Wazungu, na kuwa mtoto wa madrasa hana haja nayo. Dhana hiyo haina msingi. Sura ya Yunus, katika aya ya 5, inataja jua na mwezi na vituo vya mwezi, na inataja kuwa kwa hivyo watu hujua idadi ya miaka na hesabu. Sura ya An-Nisaa, katika aya za 11, 12 na 176, imepanga mafungu ya mirathi: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Hapana mtu awezaye kuyatimiza mafungu hayo bila kujua sehemu.

Tazameni mfano. Mtu amefariki, ameacha mke mmoja, mtoto mmoja mwanamume na mabinti wawili. Madeni yamekwisha kulipwa na wasia umekwisha kutekelezwa, na mali iliyobaki ni shilingi 3,200,000. Mke ana thumuni. Asili ya mas-ala ni 8: mke anachukua 1, na 7 zinabaki kwa watoto. Mwanamume huhesabiwa vichwa viwili na kila binti kichwa kimoja, jumla vichwa 4. Saba haigawanyiki kwa nne bila kuvunjika, basi 8 huzidishwa kwa 4 ikawa 32. Mke anapata 4 katika 32, mwanamume 14, na kila binti 7. Kwa shilingi, mke atapata 400,000, mwanamume 1,400,000, na kila binti 700,000. Hiyo 32 aitafutayo mwanafunzi wa faraidhi ni ile ile ambayo mwalimu wa shule huiita kigawe kidogo cha shirika. Aliyeijua katika darasa moja asiiogope katika darasa la pili.

Wala wanazuoni wa zamani hawakuishia hapo. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833), aliandika kitabu cha al-jabr, na jina hilo ndilo lililokuwa aljebra katika lugha za Ulaya. Sehemu kubwa ya kitabu hicho yahusu wasia na mirathi. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliupima ukubwa wa dunia kwa urefu wa mlima na pembe ya upeo wa macho, na akaandika juu ya njia za kuujua upande wa Kibla. Basi kijana wa Kiislamu anapofungua kitabu cha aljebra hafungui kitabu cha wageni. Anarejea nyumba ambayo wazee wake walishiriki kuijenga.

SAYANSI HAISIMAMI BILA HESABU

Huenda mtu akasema: mtoto wangu anataka kuwatibu wagonjwa, hesabu itamfaa nini? Jawabu ni kuwa sayansi zote husema kwa lugha ya hesabu, ijapokuwa moja huhitaji nyingi na nyingine chache.

Mwuguzi ameambiwa ampe mgonjwa maji ya mshipani mililita 1,000 kwa saa 8, na kifaa chake hutoa matone 20 kwa kila mililita. Matone yote ni 20,000, na dakika ni 480. Basi yampasa aweke matone kama 42 kwa dakika. Akikosea mahali pa nukta, mgonjwa atapata mara kumi zaidi au mara kumi pungufu, na hapo kosa la hesabu huwa ni kosa juu ya roho ya mtu.

Mwenye kusoma vijidudu hujua kuwa wako ambao, wakipata chakula na joto la kutosha, huzidi mara mbili kila dakika 20. Kijidudu kimoja, kikiendelea hivyo kwa saa 10, kitakuwa kimezidi mara mbili mara 30, na idadi yake itapita 1,000,000,000. Asiyejua namna vipeo vinavyokua hataelewa kwa nini chakula kilicholala nje usiku mmoja huwadhuru watu wa nyumba nzima.

Mkemia hupima ukali wa asidi kwa kipimo cha pH, nacho kimejengwa juu ya logi. Maji yenye pH 3 hayaizidi asidi ya maji yenye pH 5 mara mbili, bali mara 100.

Na mhandisi je? Bwawa la Jinja, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Maji ya mita za ujazo 100 kila sekunde yakianguka kimo cha mita 20 yana nguvu ya kama kilowati 19,600, kabla ya kutoa inayopotea katika mitambo. Hesabu hiyo ni ya kuzidisha tu. Lakini kujua unene wa ukuta utakaozuia maji, na namna mwendo wa maji unavyobadilika kila dakika, kwahitaji ile hesabu ya mabadiliko ambayo mwanafunzi huikuta barabara katika S.5. Kwa hiyo aiachaye hesabu katika S.4 huwa amekwisha kuuacha uhandisi, ajue au asijue.

MILANGO NA FUNGUO ZAKE

Sasa na ielezwe namna masomo yanavyochaguliwa. Hadi S.4 hesabu ni lazima kwa kila mtoto. Katika S.5 mwanafunzi huchagua masomo makuu matatu, pamoja na karatasi ya maarifa ya jumla na somo dogo moja, ambalo ni hesabu au kompyuta. Basi hesabu yaweza kusomwa kwa njia mbili. Iko hesabu iliyo somo kuu, yenye upande wa hesabu tupu na upande wa matumizi, kama vile takwimu, uwezekano na ilimu ya mwendo na nguvu. Na iko hesabu iliyo somo dogo, nyepesi kuliko hiyo, kwa wale ambao masomo yao makuu hayana hesabu.

Miongoni mwa michanganyo ya sayansi, mitatu ndiyo ifaayo kuangaliwa sana.

Wa kwanza ni PCM: Fizikia, Kemia na Hesabu. Huu ndio mlango wa uhandisi wa kila namna, na wa fizikia na hesabu zenyewe. Lakini hauna Biolojia, kwa hiyo aliyeushika asitazamie udaktari.

Wa pili ni PCB: Fizikia, Kemia na Biolojia. Huu ndio mlango uliozoeleka wa udaktari na ilimu nyingi za afya, za wanyama na za mimea. Lakini hauna hesabu kuu, kwa hiyo mlango wa uhandisi umefungwa.

Wa tatu ni BCM: Biolojia, Kemia na Hesabu. Huu wengi hawaujui. Kwa udaktari nguzo ni Kemia na Biolojia, na somo la tatu huweza kuwa Fizikia au Hesabu. Basi mtoto mwenye hesabu nzuri na fizikia dhaifu, naye anatamani udaktari, aweza kupita hapa, na mkononi akabaki na hesabu kuu itakayomfaa katika takwimu na nyinginezo. Lakini hauna Fizikia, na uhandisi hauwezekani bila Fizikia.

Kwa hivyo hapana mchanganyo unaofungua milango yote. Kila mmoja hufungua na kufunga. Mwenye akili hutazama kwanza mlango anaoutaka, ndipo achukue ufunguo. Hachukui ufunguo kwanza ndipo atafute mlango.

Tena yapasa wazazi wajue habari ya uzito wa masomo. Kwa utaratibu uliotumika kwa miaka mingi katika vyuo vikuu vya serikali, alama A katika somo kuu ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3 na E ni 2. Kisha somo lililo la lazima kwa kazi ile huzidishwa kwa 3, na somo linalohusiana nayo huzidishwa kwa 2. Mwenye A ya Hesabu akiomba uhandisi, pointi zake 6 huwa 18. Mwenye E huwa na 6 tu. Kwa hiyo si kusoma somo tu kunakotakiwa, bali kulisoma na kulifaulu.

MAKOSA MATATU YA KUCHAGUA

Kosa la kwanza ni kuchagua kwa woga. Mtoto amepata alama ndogo katika jaribio moja la S.2, akaambiwa na nduguze kuwa kichwa chake si cha hesabu, naye akasadiki. Tangu siku hiyo huikimbia. Ukichunguza, mara nyingi utaona kuwa hakushindwa na hesabu. Alikosa kitu kimoja cha nyuma, kama sehemu au alama za kutoa, na vya mbele vikajengwa juu ya tundu hilo. Hesabu ni mnyororo: pete moja ikikatika, zinazofuata hazivuti. Dawa yake ni kurudi kwenye pete iliyokatika na kuiunga.

Kosa la pili ni kuchagua kwa fahari. Wako wazazi waonao kuwa mtoto asiyesoma PCM hana akili. Humlazimisha kuchukua hesabu kuu, hali yeye anataka udaktari na fizikia yake ni nzuri. Tazameni hasara yake. Kwa mwombaji wa udaktari, B ya Fizikia, pointi 5, ikizidishwa kwa 2 ni 10. E ya Hesabu, pointi 2, ikizidishwa kwa 2 ni 4. Mtoto huyu fahari ya babake imempotezea pointi 6 na nafasi yake. Kwake yeye ingefaa zaidi achukue PCB pamoja na hesabu iliyo somo dogo, ikiwa shule inaruhusu, kwani hata katika chuo cha udaktari atakutana na takwimu za maradhi, naye asiwe mgeni.

Kosa la tatu ni kuchagua kwa kufuata. Rafiki amekwenda PCB, naye anakwenda PCB. Shule ya karibu haina mwalimu wa hesabu kuu, basi hesabu kuu imeachwa. Somo dogo la kompyuta linasemwa kuwa jepesi, basi limechukuliwa. Vitu hivi vyaweza kuwa sababu ndogo, lakini haifai viwe ndiyo hukumu.

Na mtoto asiye na yakini bado? Wengi wako hivyo wakiwa na umri wa miaka kumi na sita, wala si aibu. Kwake yeye kanuni ni hii: ikiwa anaiweza hesabu kwa kiasi, na asiiache. Aliyesoma hesabu kuu aweza baadaye kuelekea ilimu nyingi, hata biashara na uchumi. Aliyeikata kwa miaka miwili huona tabu kubwa kuirudia, kwani mkono husahau upesi usiyofanya. Lakini ikiwa moyo wake umekwisha tulia juu ya udaktari, na afuate njia ya udaktari.

MASWALI YA MZAZI

Huenda mzazi akasema: mimi sikusoma zaidi ya madrasa na darasa chache, nitamshauri vipi mwanangu? Jawabu ni kuwa hatakiwi kuijua hesabu. Anatakiwa kujua kuuliza. Na aende shuleni kabla fomu hazijajazwa, aulize maswali matano:

1. Mtoto huyu alama zake za hesabu zimekuwaje tangu S.1, si katika mtihani mmoja tu?

2. Kazi anayoitamani inataka masomo gani kuwa ya lazima, na chuo kikuu kimesema nini mwaka huu?

3. Shule anayopelekwa ina mwalimu wa hesabu kuu na maabara inayotumika, au jina tu?

4. Akichukua PCB, aweza kupewa hesabu kuwa somo dogo?

5. Akiona katika wiki za kwanza za S.5 kuwa amekosea, aweza kubadilisha, na hadi siku gani?

Wala mzazi asitegemee aliyoyasikia zamani. Mtaala wa S.1 hadi S.4 ulibadilishwa kuanzia mwaka 2020, na mtihani wa UCE wa mtaala huo ulifanywa mara ya kwanza mwaka 2024. Mambo yanabadilika, na aulizaye mapema hapotei.

Habari ya mabinti nayo isisahauliwe. Wako wasemao kuwa hesabu ni ya wavulana. Akina mama wa Kiislamu wanapougua hutamani kutibiwa na daktari mwanamke. Atatoka wapi, ikiwa mabinti huondolewa katika masomo ya sayansi wakiwa S.4? Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 ili idadi yao iongezeke. Lakini pointi hiyo na nusu haimfai binti ambaye herufi zake tatu zimekwisha kufunga mlango.

HASARA YA KUCHELEWA

Waislamu wa Uganda wanaijua vyema hasara ya kuchelewa. Katika zama za ukoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazazi wengi wakawazuia watoto wao kwa kuchelea wasibadilishwe dini. Hofu yao haikuwa bila sababu. Lakini matokeo yake ni kuwa wenzao walijaza maofisi na mahospitali, na Waislamu wengi wakabaki katika biashara ndogo, uchinjaji na udereva. Kazi hizo ni halali na zina heshima, lakini umma hauwezi kusimama kwa hizo peke yake. Ndipo wazee wenye kuona mbali, miongoni mwao Mwanamfalme Badru Kakungulu, wakatoa ardhi na mali zao. Ikafunguliwa shule ya wasichana ya Nabisunsa mwaka 1954, na shule ya sekondari ya Kibuli mwaka 1959. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kikaanza Mbale.

Wazee hao walifungua mlango wa shule. Lakini mtoto aweza kuingia katika mlango huo na bado akafungiwa nje ya sayansi na chumba kimoja cha S.5. Tena iko habari ya fedha: bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, iliweka mbele masomo ya sayansi. Basi kwa mtoto wa maskini, kuiacha hesabu bila shauri huenda kukawa ni kuuacha pia msaada ambao ungemsomesha.

Kwa hiyo jumuiya za Kiislamu zina kazi ya kufanya. Katika likizo, vyumba vya madrasa hubaki vitupu baada ya adhuhuri. Na vitumiwe kuwafundisha hesabu watoto wa S.1 hadi S.3, kwani huko ndiko mnyororo hukatika. Vijana walioko vyuo vikuu na watoe saa mbili kwa wiki; hiyo ni sadaka isiyopunguza mfuko. Na kila mwaka, kabla ya fomu kujazwa, waitwe daktari mmoja, mhandisi mmoja na mwalimu mmoja, wakae na wazazi na watoto, wawaeleze njia walizopita.

Na kijana ambaye amekwisha chagua vibaya asikate tamaa. Ziko shahada za chini za ufundi, zipo kozi za kuunganisha, na wako waliorudia mtihani wakafaulu. Njia yake itakuwa ndefu zaidi, lakini haikukatika. Na awaambie wadogo zake yaliyompata, ili wao wasipite alikopita yeye.

Mwenyezi Mungu awape wazazi busara ya kushauri, awape watoto subira ya kusoma, awajaalie Waislamu madaktari wenye huruma, wahandisi waaminifu na walimu wenye ilimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.